Kumlisha Kinyonga: Mwongozo Kamili Unaoanzia Kwenye Tumbo la Mdudu

Kinyonga wangu wa kwanza alianza kukosa shabaha akiwa na umri wa miezi minane. Alikuwa akimwona nyenje, anamkazia macho yote mawili, anafungua mdomo, kisha ulimi unatoka nusu tu na kurudi mtupu. Nilidhani ni uchovu wa siku moja. Wiki mbili baadaye miguu yake ya mbele ilikuwa imeanza kupinda. Daktari wa wanyama aliponiuliza anakula nini, nilimjibu bila wasiwasi: nyenje kila siku, hajakosa hata siku moja. Akaniuliza swali la pili: na hao nyenje wanakula nini?

Hawakuwa wakila kitu. Walikuwa wakikaa kwenye boksi siku nne au tano wakisubiri zamu yao, matumbo matupu. Kwa miezi yote ile mnyama wangu alikuwa akishiba bila kulishwa. Tangu siku hiyo nawaeleza wafugaji wapya jambo moja kabla ya mengine yote: ukitaka kumlisha kinyonga, mlishe mdudu kwanza. Haya yanayofuata ni namna ya kulifanya hilo hatua kwa hatua.

Vinyonga wanaofugwa zaidi majumbani ni watatu. Kuna kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus), mwenye upanga mrefu kichwani kama wa jogoo. Kinyonga chui wa Madagaska (Furcifer pardalis), mwenye rangi nyingi. Na kinyonga wa Jackson (Trioceros jacksonii), mkazi wa nyanda za juu, ambaye dume lake lina pembe tatu. Ninayoyaandika yanawahusu wote, na pale wanapotofautiana nitasema. Mtafute aliyezaliwa kizimbani. Aliyetolewa porini mara nyingi huja na minyoo, na mnyama mwenye minyoo huwezi kujua kama hali kwa sababu ya chakula au kwa sababu ya ugonjwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha anaweza kumeng'enya

Kinyonga hana joto lake mwenyewe. Akila mwili ukiwa baridi, chakula hukaa tumboni bila kusagika na huweza hata kuoza. Kwa hiyo kabla ya kununua mdudu wa kwanza, kizimba kiwe na mahali pa kuota joto: nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi kwa wa Yemeni na kinyonga chui waliokomaa, 26 au 27 kwa wa Jackson. Sehemu za chini za kizimba ziwe baridi zaidi ili achague mwenyewe, na usiku joto lishuke.

Cha pili ni taa ya UVB, yaani taa inayotoa miale ya urujuanimno kama iliyomo kwenye jua. Miale hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 ndani ya ngozi yake, na bila D3 kalsiamu anayokula hupita tu na kutoka. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale hiyo. Na taa ya UVB huisha nguvu ingali inawaka, hivyo ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 kulingana na aina yake, hata kama kwa macho yako bado inang'aa. Nimewaona watu wenye unga wa kalsiamu wa kila aina rafuni huku kinyonga akipata matege, na tatizo lilikuwa taa ya miaka miwili.

Hatua ya pili: chagua wadudu, na usichague aina moja

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu nyenje hupatikana kirahisi na kinyonga huwapenda. Nyenje ni chakula kizuri. Ila hakuna mdudu mmoja mwenye kila kitu, na kinyonga aliyelishwa aina moja kwa miezi huchoka: siku moja anamtazama nyenje, anageuza jicho upande wa pili, basi. Katika usemi wetu mtu kigeugeu huitwa kinyonga, na katika chakula mnyama huyu kweli hutaka mabadiliko. Lakini si deko. Porini hukutana na nzi, panzi, nondo, buibui na viwavi katika wiki moja, na mwili wake umezoea kuokota virutubisho kidogo kidogo kutoka kila mmoja.

Msingi wa mlo uwe na aina tatu au nne za kuzungushwa. Mimi hutumia nyenje, mende wa aina ya dubia, viwavi wa hariri, na mabuu ya nzi askari weusi. Nzige na panzi wa kufugwa pia ni wazuri sana pale wanaporuhusiwa. Mende wa dubia hawarukiruki, hawanuki kama nyenje, hawapandi kuta laini, na huishi muda mrefu, kwa hiyo ni rahisi kuwalisha vizuri kabla hawajaliwa. Viwavi wa hariri ni laini na wana maji mengi, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wao. Nawategemea hasa kinyonga anapopona ugonjwa. Viwavi wa pembe nao ni maji kwa kiasi kikubwa na rangi yao ya kijani humwamsha kinyonga aliyekataa kila kitu. Hukua haraka mno, kwa hiyo nunua wadogo.

Mabuu ya nzi askari weusi yanastahili maneno ya ziada. Karibu wadudu wote wa kulishia wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kwa nyenje fosforasi huizidi kalsiamu takriban mara saba, na kwa mabuu ya mbawakawa wa unga zaidi ya mara kumi. Mwili wa kinyonga unahitaji kinyume chake, yaani kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Mabuu ya nzi askari weusi ni miongoni mwa wachache ambao tayari wana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi. Na ukiwaacha wageuke nzi, unapata kitu kingine cha thamani: windo linaloruka. Kinyonga mzee aliyezoea kula kwenye bakuli akiona nzi hewani utadhani amerudi utotoni.

Wengine ni wa kuonjesha tu. Mabuu ya nondo wa nta yana mafuta karibu robo ya uzito wake, wakati nyenje hana hata asilimia 10. Kinyonga akiyazoea hukataa vingine, kama mtoto aliyezoeshwa peremende. Moja au mawili kwa wiki mbili yanatosha. Mabuu ya mbawakawa wa unga, na yale makubwa zaidi ya jamii hiyo, nayo yawe mara chache. Ganda lao ni gumu na faida ni ndogo.

Wa kuepuka kabisa: vimulimuli, kwa sababu wana sumu ya moyo na mmoja tu anaweza kumuua mjusi, viwavi wenye manyoya au rangi kali za onyo, wadudu wenye miiba ya sumu, na mdudu yeyote aliyeokotwa mahali ambapo huenda pamepuliziwa dawa. Kiwavi wa pembe aliyetoka kwenye mmea wa nyanya pia asitumike, kwa kuwa sumu ya mmea hubaki mwilini mwake. Wa kufugwa hulishwa chakula maalumu na ndiye salama.

Ukubwa una kanuni moja nyepesi: mdudu asizidi upana uliopo kati ya macho mawili ya kinyonga. Kwa mende au kiwavi laini urefu unaweza kuzidi kidogo, lakini unene usizidi.

Hatua ya tatu: mlishe mdudu

Tumbo la nyenje ni mfuko. Chochote kilichomo saa anapoliwa ndicho kinachoingia kwa kinyonga, na mfuko huo hujaa na kumwagika haraka, ndani ya siku moja hivi. Kwa hiyo lisha wadudu vizuri kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kuwatoa, na usiwakatishe chakula hata asubuhi ya siku yenyewe.

Ukileta wadudu nyumbani, wahamishe kwenye boksi pana la plastiki lenye matundu ya hewa, weka trei za mayai wajifiche, na mahali pawe na joto. Nyenje aliyepoa hali. Kisha wape vitu viwili, kikavu na kibichi.

Kikavu ni mchanganyiko uliosagwa: shayiri au ngano kama msingi, unga wa majani ya alfalfa, unga wa majani ya mlonge, na chavua ya nyuki ukiipata. Mlonge una kalsiamu nyingi na ndio ninaoutumia zaidi. Saga laini, weka kwenye kifuniko cha chupa, badilisha kabla haujapata unyevu.

Kibichi kiwe cha kila siku na kibadilike: majani ya haradali au sukuma wiki, karoti, malenge, kiazi kitamu, kipande cha chungwa au papai. Hivi pia ndivyo wanavyopata maji. Usiwawekee bakuli la maji, kwani nyenje wadogo huzama na boksi huanza kunuka. Kila jioni ondoa mabaki. Ukungu kwenye boksi la wadudu huishia tumboni mwa kinyonga.

Spinachi haifai kuwa chakula cha kila siku, kwa sababu ina oksaleti zinazofunga kalsiamu isitumike. Parachichi usiweke kabisa. Na chakula cha mbwa au paka, ambacho baadhi ya wafugaji hukitupia kwenye boksi kwa urahisi, kina protini nyingi kupita kiasi. Vinyonga hupata jongo: viungo huvimba kwa chembe za asidi ya yuriki na mnyama hushindwa kushika tawi kwa maumivu. Ni ugonjwa mbaya kuutazama, na protini iliyozidi pamoja na kiu ya muda mrefu huuharakisha.

Viwavi wa hariri ni wagumu kidogo kwa kuwa hula majani ya mforsadi tu, au unga uliotengenezwa kwa majani hayo. Osha mikono kabla ya kuwagusa. Hufa haraka kwa bakteria.

Hatua ya nne: unga wa kalsiamu na vitamini

Hata mdudu aliyeshiba vizuri bado ana fosforasi nyingi. Unga hufidia. Unahitaji makopo mawili: kalsiamu tupu isiyo na D3, na multivitamini yenye D3 na vitamini A ya aina ya retinoli.

Kwa wa Yemeni na kinyonga chui, tumia kalsiamu tupu karibu kila mlo. Multivitamini yenye D3 tumia mara mbili kwa mwezi, kwa mfano tarehe 1 na tarehe 15, ili usisahau wala usirudie. Wa Jackson ni mwepesi kudhurika kwa kuzidishiwa: kalsiamu tupu mara moja au mbili kwa wiki, multivitamini mara moja kwa mwezi.

Sababu ya kutenganisha makopo ni kwamba D3 na vitamini A hukaa mwilini. Kalsiamu iliyozidi kidogo hutoka na choo, lakini D3 iliyozidi husababisha kalsiamu kujikusanya kwenye figo na mishipa, na vitamini A iliyozidi huleta uvimbe. Upungufu wa vitamini A nao si mzaha: macho huvimba na kufumba, na ulimi hupoteza ule unato. Ute wa ulimi wa kinyonga ni mzito kuliko mate ya binadamu kwa mara 400 hivi, na ndio unaomnasa mdudu. Ute ukipungua, kinyonga hupiga sawasawa na bado mdudu huponyoka.

Kupaka ni kazi ya nusu dakika. Tia wadudu wa mlo mmoja kwenye kikombe kirefu, ongeza unga wa kujaa ncha ya kijiko, zungusha taratibu. Waonekane wamepakwa vumbi jepesi. Wakitoka weupe kabisa umezidisha, na vinyonga wengi huwakataa. Walishwe mara moja, kwa sababu nyenje hujisafisha na ndani ya saa chache unga wote umekwisha. Andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua. Baada ya miezi sita ya hewa na joto vitamini zimepungua nguvu, nunua jipya.

Yule wangu wa kwanza, miguu yake haikunyooka tena. Mifupa iliyopinda hubaki hivyo hivyo. Ulimi ulirudi baada ya miezi mitatu ya taa mpya, wadudu walioshiba na kalsiamu, na siku alipomnasa nzi kutoka tawi la mbali niliketi chini.

Hatua ya tano: kiasi, kwa umri

Mtoto wa hadi miezi mitatu hula kila siku, hata mara mbili, kadiri awezavyo kumaliza ndani ya robo saa. Wape nzi wa matunda wasioruka na nyenje wachanga, jumla 10 hadi 20 kwa siku. Huu ndio wakati mifupa inajengwa. Kati ya miezi mitatu na tisa, mlo mmoja kwa siku wa wadudu 8 hadi 12 wa ukubwa wa kati unatosha. Kuanzia hapo punguza polepole mpaka, akikaribia mwaka, awe anakula kila baada ya siku moja au mbili, wadudu watano au sita.

Kupunguza ndiko kunakowashinda watu. Kinyonga mzima atakutazama kila asubuhi kana kwamba hajala wiki nzima. Usimwonee huruma kwa njia hiyo. Angalia upande wa nyuma wa kichwa na mashavu: vikianza kuvimba kwa mafuta, punguza.

Jike la Yemeni linahitaji uangalifu kuliko wote. Hutaga hata bila dume, na idadi ya mayai hufuata chakula na joto. Jike lililoshibishwa sana laweza kubeba mayai 60 au zaidi, ambayo hukausha kalsiamu yote mwilini na huweza kukwama na kumuua. Akitimiza miezi sita hivi, mpe wadudu watatu au wanne, mara tatu kwa wiki, na shusha mahali pa kuota joto hadi nyuzi 27. Weka ndani ya kizimba chombo chenye kina cha mchanga wenye unyevu ili akihitaji kutaga apate mahali. Nimeona majike mengi yakifa mapema kwa wema wa wenye kuyalisha.

Hatua ya sita: namna ya kumpa

Lisha asubuhi, saa moja au mbili baada ya taa kuwaka, ili awe amepata joto na abaki na mchana mzima wa kumeng'enya. Jioni usilishe.

Njia mbili zinafaa, na ni vyema kuzichanganya. Ya kwanza ni bakuli lenye kina, kuta zake zisiwe angavu, likiwa limefungwa kwenye tawi usawa wa uso wake. Weka kipande cha wavu upande wa nyuma ili wadudu wapande na waonekane, maana kinyonga huchochewa na mwendo. Kwa bakuli unajua hasa amekula wangapi. Ya pili ni kuwaachia wadudu wachache watembee kwenye matawi, awinde mwenyewe. Ulimi wake hufika mbali kuliko urefu wa mwili wake, na misuli hiyo inahitaji kazi. Waliobaki watoe kabla ya taa kuzimwa. Nyenje mwenye njaa humng'ata kinyonga aliyelala, na vidonda vyake huoza.

Kumlisha kwa mkono ni raha, lakini mwache akufuate yeye. Shika mdudu kwa vidole au kibanio, simama mbali kidogo, tulia. Akipanua mwili na kugeuka rangi nyeusi, ondoka ujaribu siku nyingine.

Wa Yemeni hula pia majani, hasa akikomaa. Hibiskasi ni salama, majani na maua yake. Mmea wowote unaoingia kizimbani osha majani yote, badilisha udongo wa dukani, kisha funika udongo kwa mawe makubwa asiyoweza kuyameza. Wa Jackson na kinyonga chui hawajali majani sana.

Maji

Kinyonga hatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Hunywa matone yanayong'aa kwenye majani. Nyunyizia kizimba dakika mbili kamili asubuhi kabla ya taa kuwaka na tena usiku baada ya kuzimwa, na mchana weka chombo kinachodondosha tone moja moja juu ya jani. Acha kizimba kikauke katikati ya vipindi hivyo; unyevu wa kutwa huleta maambukizi ya mapafu. Usimpulizie usoni.

Kinyesi ndicho kitakachokuambia kama maji yanatosha. Sehemu yenye rangi ya kahawia iwe imeshikana. Kipande cheupe kando yake ndicho mkojo wake mgumu: kikiwa cheupe chote, au chenye manjano kidogo kwenye ncha, ni sawa; kikiwa cha rangi ya chungwa, ana kiu. Macho yaliyodidimia ni dalili iliyochelewa.

Akikataa kula

Kabla ya kuhofu, angalia kalenda. Kinyonga anayejichuna ngozi huacha kula siku moja au mbili. Dume likiona jike hupoteza hamu. Jike lenye mayai hupunguza kula siku chache kabla ya kutaga, na ukimwona anazunguka chini ya kizimba akikwaruza, mwache na mchanga wake bila kumsumbua. Akiona kinyonga mwingine, hata taswira yake kwenye kioo, huweza kugoma siku nzima. Ikiwa hakuna lolote kati ya hayo, pima joto na umri wa taa, kisha badilisha mdudu. Kiwavi wa kijani au nzi anayeruka humaliza migomo mingi. Usimlazimishe kwa kumfungua mdomo. Taya lenye upungufu wa kalsiamu huvunjika.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, siku ileile, na uandike kwenye daftari pamoja na alichokula, unga uliotumika na tarehe ya choo. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito, au macho yakibaki yamefumba mchana, au ulimi ukishindwa kurudi, au akianguka kutoka kwenye matawi, usingoje wiki iishe. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia. Chukua daftari, makopo yote mawili ya unga, na kinyesi kibichi cha siku hiyo ndani ya kifuko chenye tishu iliyoloweshwa, ili akaangalie minyoo kwenye hadubini kabla ya kumwandikia dawa yoyote.